Njia tatu kwenye karatasi, moja tu kichwani: kuandaa na kutathmini suluhisho katika uchunguzi kifani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili, shahada ya usafirishaji na lojistiki, hapa Dar es Salaam. Tulipewa uchunguzi kifani, yaani kisa halisi cha kuchambua na kutolea ushauri, kuhusu mabasi ya mwendokasi na mafuriko ya Jangwani. Kisa kinaishia mwaka 2018 na tunatakiwa kumshauri mtendaji mkuu wa wakala unaosimamia mabasi hayo. Sehemu ya kuchambua tatizo nimepata 16 kwa 20, lakini sehemu ya kuandaa na kutathmini suluhisho nimepata 11 kwa 30. Nilitoa njia tatu: serikali ijenge daraja kubwa, wananchi wapewe elimu ya kutotupa taka mtoni, au hali iachwe ilivyo. Nikaweka jedwali la faida na hasara, nikachagua daraja. Mhadhiri ameandika pembeni: "Njia zako hazishindani. Tathmini iko wapi?" Ameruhusu turudie kazi. Je, njia zinatakiwa ziwe ngapi? Naruhusiwa kutumia yale ambayo serikali iliamua baadaye? Na niandike "napendekeza" au "inapendekezwa"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na sentensi mbili za mhadhiri wako, maana zimebeba karibu kila kitu. Njia zako tatu nimezisoma, na ninachokiona ni njia moja. Uliamua daraja kabla hujafika ukurasa wa njia mbadala, kisha ukaleta nyingine mbili ili daraja lipate wa kumfunga. Ni mechi iliyopangwa matokeo. Timu zimeingia uwanjani, jezi zimevaliwa, lakini kila mtu anajua nani ataondoka na pointi tatu. Na msomaji mzoefu huigundua mapema, kwa sababu njia ya ushindi ina aya nne na zile nyingine zina mistari miwili miwili.

Wengi hufanya hivi bila hila yoyote. Kwenye kazi za kikundi huwa mbaya zaidi: mmoja anaandika chanzo cha tatizo, mwingine anaandika suluhisho, wa tatu anaandika hitimisho usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, na suluhisho halimjui chanzo wala chanzo hakimjui suluhisho.

Kipimo ninachotumia nikisahihisha ni hiki: je, kila njia iliyoandikwa ina mtu mwenye akili timamu, anayeijua Dar es Salaam, ambaye angesimama mbele ya bodi ya wakala akaitetea kwa nusu saa? Kama hayupo, njia hiyo ni pambo. Daraja lina watetezi wengi. Elimu, kwa namna ulivyoiandika, haina hata mmoja.

Tukae kidogo kwenye elimu, kwa sababu ndiyo maradhi ya kazi za wanafunzi wetu. Ajali za bodaboda: elimu itolewe. Wakulima kuuza kwa bei ya hasara: elimu itolewe. Mto kujaa taka: elimu itolewe kwa wananchi. Ukijikuta unaandika hivyo, jiulize: baada ya semina, huyu mtu atafanya nini kesho asubuhi ambacho leo kinamshinda kwa kutojua tu? Mama anayeishi pembezoni mwa Msimbazi, mto unaofurika pale Jangwani, anajua vizuri sana kwamba taka zikizuia maji, nyumba ya kwanza kuingiliwa ni yake, si ofisi ya wakala. Kama anatupa mtoni, yamkini ni kwa sababu gari la taka haliwezi kuingia kwenye kichochoro chake, au linafika na ada yake haimudu. Kinachokosekana hapo ni gari, njia na bei. Ukiandika kwamba vikundi vya mtaa vipewe mikokoteni ya kutoa taka vichochoroni hadi mahali gari linapofika, kwa ada fulani, kwa mkataba na manispaa, hapo umepata njia inayoweza kupimwa, kusifiwa na kukosolewa. Neno "elimu" peke yake halipimiki.

Kuhusu kuacha hali ilivyo, uliitupa kwa mstari mmoja: "haifai kwa kuwa tatizo litaendelea." Hapo uliacha alama za bure mezani. Hali ilivyo ndiyo mizani ya njia nyingine zote. Wakala usipofanya lolote hadi masika ijayo, utapoteza nini? Nauli za siku ambazo barabara imefungwa. Matengenezo ya mabasi yaliyoingiwa na maji. Saa za abiria waliokwama, hasara ambayo haionekani kwenye vitabu vya kampuni yoyote lakini mji unailipa. Andika hayo kwanza, kwa tarakimu za kisa kama zipo, na kwa maelezo kama hazipo. Baada ya hapo kila njia inapimwa kwa swali la namna moja: inapunguza kiasi gani cha hasara hiyo, na yenyewe inagharimu nini?

Sasa turudi kwenye ile sehemu uliyopata 16, maana nadhani mzizi wa matatizo yako uko huko. Umeandika vizuri, lakini umeandika "tatizo la mafuriko Jangwani" kana kwamba ni kitu kimoja. Chukua ramani. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016, ina kilomita 20.9. Tawi la Kimara linashuka na Barabara ya Morogoro, tawi la Morocco linakuja kupitia Kinondoni, na yote mawili yanakutana Magomeni. Kutoka hapo, kila basi linaloelekea Kivukoni au Gerezani sharti likatize bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani. Na karakana, yaani mahali ambapo mabasi yanalala, yanaoshwa na kutengenezwa, ilijengwa humo humo bondeni.

Kwa hiyo mto ukifurika yanatokea mambo mawili, si moja. Kwanza, maji yanaingia karakana na kuharibu mabasi yaliyoegeshwa. Pili, barabara inafungwa na mtandao unakatika vipande viwili, hata kama mabasi yote ni mazima. Hayo ni matatizo tofauti yenye dawa tofauti. Daraja ulilolichagua linatibu la pili. Basi lililolala karakana usiku wa mvua litaendelea kuogelea chini ya daraja lako zuri. Kuhamisha karakana kunatibu la kwanza; mabasi yatakuwa salama, yakiwa yamepanga foleni Magomeni bila pa kwenda. Kuzoa mchanga mtoni kunagusa yote mawili kwa muda, hadi maji yalete mchanga mwingine. Ona jinsi ambavyo, kwa kulitenganisha tatizo tu, njia zimeanza kushindana zenyewe.

Chora pia mnyororo wa sababu. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita kwenye makazi mengi yaliyojengwa bila mpango, na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Kule juu ardhi iliyoachwa wazi inamomonyoka. Kufika Jangwani ardhi ni tambarare, maji yanapunguza kasi, na mchanga unatua. Sakafu ya mto inapanda, nafasi ya maji kupita chini ya daraja lililopo inapungua, na mvua ambayo zamani ingepita sasa inamwagika barabarani. Kila kiungo cha mnyororo huo ni mahali unapoweza kutia mkono: kushika udongo kule juu, kuondoa taka katikati, kuzoa mchanga chini, kuinua barabara, kuondoa mali ya wakala kwenye njia ya maji, au kubadili namna huduma inavyoendeshwa siku za mvua. Hapo una sita bila hata kuumiza kichwa, na hakuna hata moja iliyotoka hewani.

Umeuliza ziwe ngapi. Kwa kazi ya kurasa kumi na kitu, nne zinatosha, na tatu nzuri ni bora kuliko saba za kujazia. Muhimu ni kwamba zitofautiane kwa namna zinavyofanya kazi. Daraja fupi, daraja la wastani na daraja refu ni njia moja iliyovalishwa nguo tatu.

Kisha angalia unamshauri nani. Kisa kimekupa jina la kiti: mtendaji mkuu wa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, mwaka 2018. Huyu hajengi madaraja. Barabara ya Morogoro iko mikononi mwa TANROADS, wakala wa barabara kuu, mto una bodi ya maji ya bonde lake, taka ni kazi ya manispaa, na mkopo mkubwa kutoka nje unapitia Wizara ya Fedha. Ukimwandikia "serikali ijenge daraja", umemshauri mtu ambaye hayumo chumbani. Yeye atakuuliza: na mimi nifanye nini Jumatatu? Vilivyo mikononi mwake ni mkataba na mwendeshaji wa mabasi, ratiba, mahali mabasi yanapolala, na sauti yake kwenye vikao vya wizara. Kwa kila njia, andika wazi kama ni jambo analoweza kuliamua, analoweza kuliomba kwa mwingine, au lililo nje ya uwezo wake kabisa. Safu hiyo moja kwenye jedwali ingekupa alama kadhaa.

Na hapa ndipo inapojitokeza njia ambayo hukuiona, ingawa iko karibu zaidi na kiti hicho: kubadili uendeshaji. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari ya mvua kubwa kabla haijanyesha. Tahadhari ikitoka, mabasi yasilale bondeni. Mengine yalale upande wa Kimara, mengine upande wa mjini. Asubuhi barabara ikifungwa, huduma inaendelea kwa vipande: Kimara hadi Magomeni, Morocco hadi Magomeni, na upande wa pili kituo cha Fire hadi Kivukoni. Haiondoi mafuriko. Abiria wa Kimara anayekwenda Posta bado ana shida ya kuvuka. Lakini mabasi yanapona na wengi wanapata sehemu ya safari. Ina ugumu wake pia, na mtu wa lojistiki lazima autaje: basi refu lenye kiungo katikati haligeuki popote, kwa hiyo lazima pawe na mahali pa kugeuzia pande zote mbili, linahitaji ulinzi na mafuta mahali lilipolala, na dereva anayeishi upande mmoja lazima afike kwenye basi lililoko upande mwingine. Njia yenye ugumu uliotajwa waziwazi inaaminika kuliko ile isiyo na kasoro.

Tuje kwenye tathmini yenyewe. Jedwali la faida na hasara si baya, ni la zamani tu na limekatwa nusu. Mwaka 1772 Benjamin Franklin wa Marekani alimwandikia mwanasayansi Joseph Priestley barua akimweleza namna anavyoamua mambo magumu: gawanya karatasi kwa mstari, upande mmoja hoja za kukubali, upande wa pili hoja za kukataa. Wanafunzi huishia hapo. Franklin aliendelea. Alikadiria uzito wa kila hoja. Hoja mbili za pande tofauti zikilingana akazifuta zote mbili. Moja ikilingana na mbili za upande wa pili akazifuta zote tatu. Mwisho akaona salio limebaki upande gani. Jedwali lako lina faida sita za daraja na hasara mbili, na humo "litapendezesha mji" imesimama sawa na "litaondoa kufungwa kwa barabara". Kuhesabu mistari si kutathmini.

Anza kwa kutenganisha masharti na vigezo. Sharti ni lile ambalo njia ikilivunja inaondolewa, haijalishi ina uzuri gani. Kwa kisa hiki ningeweka mawili: hakuna abiria anayepitishwa kwenye maji yanayotembea, na hakuna mtu anayeondolewa kwenye makazi yake nje ya sheria. Vigezo ni vile ambavyo njia inaweza kuvitimiza kidogo au sana, na ndivyo vinavyopewa uzito. Masharti na vigezo viandikwe kabla hujazipa njia alama, na vitoke kwenye kisa: malalamiko ya abiria, barua ya mwendeshaji, bajeti ya wakala. Mwanafunzi anayechagua vigezo baada ya kujua mshindi anarudi kulekule kwenye mechi yake.

Nikuoneshe kwa hesabu ndogo. Uzito na alama hizi nimeziweka mimi kwa mfano. Wewe utaweka zako kutokana na kisa. Vigezo vinne, jumla ya uzito 100: huduma kuendelea siku ya mafuriko 40, usalama wa mabasi 20, wepesi wa kuanza kabla ya masika ijayo 25, unafuu wa gharama 15. Alama ni 1 hadi 5.

Kuhamisha karakana: 2, 5, 3, 3. Zidisha kila alama kwa uzito wake, jumlisha, unapata 300.
Daraja refu: 5, 1, 1, 1. Jumla 260.
Kuzoa mchanga kila mwaka: 3, 2, 4, 3. Jumla 305.
Kubadili uendeshaji: 2, 4, 5, 5. Jumla 360.

Kwa hiyo uendeshaji umeshinda na daraja limeshika mkia. Wanafunzi wengi wangepiga mstari hapa na kuandika hitimisho. Mimi ningekuwa ndiyo kwanza naanza, kwa sababu swali sasa ni: ushindi huu unategemea nini? Chukua uzito wa wepesi, ushushe kutoka 25 hadi 5, na zile 20 zilizobaki ziongeze kwenye huduma, iwe 60. Alama zenyewe usiziguse. Hesabu upya: karakana 280, daraja 340, mchanga 285, uendeshaji 300. Aliyekuwa wa mwisho amekuwa wa kwanza!

Hilo si kosa la jedwali. Jedwali limekwambia jambo ambalo hukulijua ulipoanza: ugomvi wa kweli kati ya daraja na uendeshaji ni ugomvi wa muda. Anayetazama masika ijayo atachagua uendeshaji. Anayetazama miaka ishirini atachagua daraja. Basi mshauri mzuri hamwambii mtendaji mkuu "daraja limepata alama nyingi". Anamwambia: ukitaka kuokoa msimu huu, fanya hiki, ukitaka kuumaliza mjadala, anza leo kuomba kile, kwa sababu kitachukua miaka. Hiyo ndiyo tathmini ambayo mhadhiri wako aliitafuta pembeni mwa karatasi.

Kila alama unayoiweka iambatane na sentensi moja ya sababu. "Daraja limepata 1 kwenye usalama wa mabasi kwa sababu karakana inabaki bondeni." Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, alama hiyo umeibahatisha, na ni afadhali useme kisa hakitoi taarifa kuliko kuweka 3 ya katikati kwa woga.

Kuna ujanja mmoja wa kuukwepa. Baada ya kuona kila njia ina lake, mwanafunzi huandika: "Nashauri njia zote nne zitekelezwe kwa pamoja." Hiyo ni kukataa kuchagua. Njia hizi zinaingiliana kwa namna zinazogharimu pesa. Kama karakana itahama baada ya miaka michache, hakuna maana ya kuijengea ukuta wa kuzuia maji mwaka huu. Kama daraja jipya litajengwa, uzoaji wa mchanga chini ya lile la zamani upewe mkataba mfupi. Mpangilio wenye sababu, hiki kwanza kwa sababu hii na kile baadaye kwa sababu ile, unakubalika. Rundo halikubaliki.

Kuhusu pesa sitasema mengi, kwa sababu somo lenu la fedha limeshawafundisha thamani ya fedha kwa wakati. Jifunze tu kuhesabu kinyumenyume pale tarakimu zinapopungua. Natunga mfano: tuseme kuhamisha karakana ni shilingi bilioni 12, na kila mafuriko makubwa yanakula bilioni 1.5 za matengenezo. Gawanya. Mafuriko manane yanairudisha gharama hiyo. Sasa huhitaji tena kubishana kama bilioni 12 ni nyingi au kidogo. Unauliza mafuriko manane ni miaka mingapi kwa mujibu wa historia iliyomo kwenye kisa. Kama bonde linafurika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, ni miaka minne. Kama ni mara moja kila baada ya miaka mitatu, ni miaka ishirini na nne, na basi huwa limeshachakaa zamani. Msomaji anaweza kukataa tarakimu zako na bado akaitumia hesabu yako, jambo ambalo ni ishara ya kazi nzuri.

Halafu ujiulize kila njia inamuumiza nani. Sehemu hii haikuwepo kabisa kwenye kazi yako, na kwa bonde la Msimbazi ni kosa kubwa, kwa sababu historia ipo. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na maelfu waliokuwa wakiishi mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa mji. Baadhi yao walirudi bondeni. Si kwamba walikuwa wamesahau maji. Ni kwamba kibarua, soko na mteja vilibaki mjini. Kwa hiyo ukiweka "kuhamisha wakazi wa bondeni" kama njia, ushahidi wa namna ilivyokwenda mara ya kwanza uko wazi, na lazima useme safari hii nini kitakuwa tofauti: umbali, usafiri, fidia, au kazi. Njia iliyowahi kujaribiwa inabeba rekodi yake, na mshauri asiyeitaja anaonekana hakusoma. Fanya hivyo pia kwa uzoaji wa mchanga. Mchanga huo utatupwa wapi? Ukimwagwa ukingoni, mvua inaurudisha. Na vijana wanaochimba na kuuza mchanga wa mto huo, mkataba mpya unawaajiri au unawafukuza?

Sasa swali lako la pili. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi. Mradi huo una daraja jipya Jangwani, kazi za kurekebisha mto, kuhamisha karakana ya mwendokasi, na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya mji. Unaruhusiwa kuujua, ila usiutumie kama majibu ya mtihani. Kisa chako kinaishia 2018. Mtendaji mkuu hana mkopo huo mfukoni wala hajui kama utapatikana. Ukimpendekezea kilichotokea kwa sababu tu kilitokea, unanakili. Mwulize mhadhiri kama anaruhusu aya ya nyongeza baada ya mapendekezo, na humo ulinganishe: mradi halisi umegusa matatizo yote mawili, daraja kwa barabara na kuhama kwa karakana, pamoja na mto wenyewe. Wewe ulikuwa umeona moja. Pia angalia miaka: kati ya 2018 na mkopo kuidhinishwa ni miaka minne, bila kuhesabu ujenzi. Mabasi yalihitaji pa kulala masika zote za katikati, na hilo linaipa nguvu njia ya uendeshaji ambayo jedwali letu liliitanguliza.

Mapendekezo yawe mafupi kuliko tathmini. Ukurasa mmoja unatosha. Nani afanye nini, lini, kwa fedha kutoka fungu gani, na dalili gani itaonesha kwamba mambo hayaendi. Ongeza sentensi moja ambayo wanafunzi huiogopa: ni taarifa gani ikipatikana itanifanya nibadili ushauri huu? Kwa mfano, kama itabainika hakuna eneo la kugeuzia mabasi marefu upande wa mjini, ushauri wa kugawa huduma vipande viwili unaporomoka, na kuzoa mchanga kunapanda nafasi ya kwanza. Usidhani sentensi hiyo inaonesha udhaifu. Mimi huitafuta kwa hamu, na siioni mara nyingi.

Nikiwa hapohapo, ule ukurasa wako wa nguvu, udhaifu, fursa na vitisho uondoe, au uutumie. Kwa sasa umekaa peke yake, hakuna njia hata moja inayourejelea, na unakula nafasi ambayo uzito na sababu za alama zinaihitaji.

La mwisho, "napendekeza" au "inapendekezwa". Fuata mwongozo wa idara yenu. Kama mwongozo umenyamaza, andika "napendekeza", au "tunapendekeza" mkiwa kikundi. Hofu yangu kubwa iko kwenye kitenzi kinachofuata. Umeandika: "Inapendekezwa mikakati madhubuti iwekwe ili kudhibiti mafuriko." Iwekwe na nani? Lini? Mikakati ipi? Sentensi kama hiyo haiwezi kutekelezwa wala kukosolewa, na msahihishaji hawezi kuipa alama hata akitaka. Iandike hivi: "Napendekeza wakala, kabla ya tarehe 1 Machi, uingie makubaliano ya maandishi na mwendeshaji kwamba tahadhari ya mvua kubwa ikitolewa, hakuna basi litakalolala karakana ya Jangwani, na theluthi moja ya mabasi ilale upande wa mjini." Theluthi hiyo nimeibuni. Wewe tafuta yako kwa kuangalia idadi ya abiria wa kila upande wa mto kwenye kiambatisho cha kisa, kama kipo, kisha uoneshe hesabu uliyoipitia.